Dozi ya mwisho: kisa cha binti aliyemuuguza mama yake nyumbani

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 68 mwenye saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini. Watoto wake walimtoa hospitalini ili amalizie siku zake nyumbani, na kwa kila kigezo tunachotumia sisi wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito), mambo yalikwenda vizuri: maumivu yalidhibitiwa, hakurudishwa wodini, na alifariki kitandani kwake wanawe wakiwa kando. Lakini wiki chache baada ya mazishi, binti yake aliyekuwa akimpa dawa alikuwa bado hapati usingizi kwa sababu ya swali moja: je, ni mimi niliyemuua mama?

Swali hilo nimelisikia katika nyumba nyingi nilizoingia kama muuguzi. Nalichambua hapa kwa kirefu kwa sababu katika kisa hiki inaonekana wazi lilianza lini, kwa maneno ya nani, na lingeweza kuzuiwa wapi. Yote yanayoweza kuitambulisha familia nimeyaondoa.

Kutoka wodini

Saratani ya kongosho mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa, kwa kuwa kiungo chenyewe kimejificha nyuma ya tumbo la chakula na kinaweza kuugua muda mrefu bila kutoa dalili. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Upasuaji haukuwezekana, tibakemikali ilimdhoofisha bila kuuzuia ugonjwa, na alipolazwa mara ya mwisho macho yalikuwa ya manjano, anatapika, na maumivu ya tumbo yanapenya hadi mgongoni. Kutapika kulitulizwa kwa haloperidoli, maumivu kwa mofini ya maji.

Watoto walikuwa wamekubaliana wasimwambie kuwa hatapona. Mwenyewe alikuwa anajua. Madaktari walipopita vitandani asubuhi, yeye ndiye aliyeanza: "Mkinipeleka nyumbani kesho, nitaingia kwa miguu yangu. Mkisubiri wiki ijayo, mtanibeba." Binti yake alitoka nje kulia, kisha akarudi na swali lililokuwa na maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: "Akizidiwa usiku, nafanya nini?"

Familia nyingi hukwama hapo. Mapenzi yapo, nia ipo, kitanda kimetandikwa, ila jibu la swali hilo halipo. Maumivu yakichomoza saa nane za usiku na hakuna dawa karibu wala namba ya kupiga, mgonjwa hukimbizwa hospitali na kufia njiani au kwenye korido, mahali alikoomba asifie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na takriban asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Wengine wote wanauguzwa hivyo hivyo, kwa kubahatisha.

Pale timu inapokuwepo, tofauti inaonekana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2013 yalikuta kwamba mgonjwa anayehudumiwa nyumbani na timu ya tiba shufaa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufia nyumbani kama alivyotaka, na dalili zinazomsumbua hupungua. Ila mapitio hayo hayo hayakuona tofauti katika majonzi ya waliomuuguza. Nimelirudia tokeo hilo mara nyingi kichwani, na kisa hiki ndicho kilichonifanya nianze kulielewa.

Kabla ya kuondoka palifanyika kikao wodini. Walikuwepo binti, mdogo wake wa kiume anayeishi naye, na mama yao mdogo. Daktari aliwaandikia barua inayoeleza kuwa kifo kinatarajiwa na kwamba moyo ukisimama asifanyiwe jitihada za kuufufua. Walipewa namba ya simu ya usiku. Kaka yao mkubwa, anayeishi nchi ya mbali, hakuwepo kikaoni. Walikubaliana kwamba ataelezwa baadaye kwa simu, na alielezwa kweli, lakini kwa namna watu wanavyomweleza aliye mbali: "Mama yuko nyumbani, anaendelea, dawa anapata."

Bomba la sindano na daftari

Siku aliyofika nyumbani (aliingia kwa miguu yake, akiwa amemshika mwanawe bega) tulikaa mezani na binti yake tukapanga dawa. Chupa ya mofini iliandikwa miligramu 10 katika kila mililita 5. Dozi yake ilikuwa miligramu 5 kila baada ya saa nne, yaani mililita 2.5, na ile ya kulalia mara mbili ya hiyo ili apitilize usiku bila kuamshwa. Maumivu yakichomoza kati ya dozi na dozi, ampe ya ziada ya miligramu 5. Kijiko hakifai kwa kazi hii kwa sababu hakuna vijiko viwili vinavyolingana, kwa hiyo nilimpa bomba la sindano lisilo na sindano na kubandika kipande chembamba cha plasta kwenye mstari wa 2.5. Alijaribu kuvuta dawa mara kadhaa huku mikono ikitetemeka, hadi ukingo wa dawa ukakaa sawasawa na plasta bila kiputo cha hewa. Nilimsisitizia pia kwamba mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, hivyo akiletewa chupa mpya asome miligramu kwanza, ndipo ahesabu mililita.

Pamoja na mofini alipewa dawa ya kulainisha choo. Usingizi na kichefuchefu vinavyoletwa na mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, na mgonjwa aliyefunga choo huteseka kiasi kwamba watu hudhani ni saratani imezidi.

Kisha daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, tukalichora safu nne: saa, dawa na kiasi, sababu ya kumpa, na hali yake baada ya nusu saa. Safu ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa inamlazimu anayeuguza kurudi kitandani na kutazama.

Kabla sijaondoka nilimwambia jambo ambalo namwambia kila anayeshika dawa: "Dada, siku moja utampa mama dawa, na ndani ya saa nne zinazofuata atafariki. Dawa haitakuwa imemuua. Ni kwa sababu anapewa kila saa nne, kwa hiyo saa yoyote atakayofariki, kutakuwa na dozi nyuma yake." Alinitazama kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo nijue kabisa kwamba itakuwepo ya mwisho?" Nikamwambia ndiyo. Nilimwomba aandike maneno hayo kwa mwandiko wake, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Akaandika.

Siku nzuri, kisha siku ngumu

Siku za mwanzo hazina mengi ya kuchambua, na hiyo ni habari njema. Alikaa kitini, akapokea wageni, akagawa vitu vyake kwa sauti yake mwenyewe, akagombana na mwanawe kuhusu redio. Dozi ilipandishwa hadi miligramu 10, plasta ikasogezwa hadi mililita 5.

Kisha akaanza kukataa chakula, na baadaye hata maji. Hapo mama mdogo alishindwa kuvumilia: "Mnamwacha dada yangu afe kwa njaa na kiu? Atundikiwe dripu!" Sikumlaumu. Kumlisha mgonjwa ndiyo lugha ya kwanza ya mapenzi, na kuambiwa uache ni kama kuambiwa umwache mtu mwenyewe. Nilimweleza kwamba mwili unaofunga kazi hauhitaji tena maji kama zamani, na kwamba maji yanayolazimishwa yanaweza kuishia kwenye mapafu, miguuni na tumboni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uligawa wagonjwa 129 wa saratani waliokuwa katika hatua za mwisho, baadhi wakitiwa lita moja ya maji ya dripu kwa siku na wengine mililita 100 tu. Hakukuwa na tofauti katika dalili zao wala katika muda walioishi. Hoja hiyo aliisikiliza, lakini kilichomtuliza hasa ni kupewa kazi. Alianza kumsafisha dada yake kinywa kwa kitambaa laini kilicholowekwa maji, ulimi, fizi na ndani ya mashavu, kisha kumpaka mafuta midomoni. Kinywa kikavu ndicho kinachomtesa mgonjwa anayeondoka, na kwa hilo kuna dawa ya mikono.

Usiku mmoja simu iliita. Mama alikuwa anatupa shuka, anajaribu kushuka kitandani, anaita watu wasiokuwepo. Kijana alitaka kuita gari la wagonjwa. Dada yake alimzuia, akapiga namba aliyopewa. Fadhaa kama hii huwapata wengi karibu na mwisho, na dawa za kuituliza zipo, lakini kabla ya dawa yoyote nililigusa tumbo lake la chini: lilikuwa gumu na limejaa. Kibofu kilikuwa kimeziba, jambo ambalo mofini yenyewe inaweza kulisababisha. Tulimwekea mpira wa mkojo, mfuko ukajaa, na kabla sijamaliza kunawa mikono alikuwa amelala usingizi mtulivu. Kuanzia hapo safu mpya iliongezwa kwenye daftari, ya kiasi cha mkojo. Haikuandikwa kwa ajili ya kutetea mtu yeyote, ila ilikuja kufanya kazi hiyo.

Aliposhindwa kumeza, mofini ilihamishiwa chini ya ngozi kupitia kisindano kidogo cha kipepeo kilichobandikwa mkono wa juu. Mofini inayopita chini ya ngozi huhitaji takriban nusu ya ile inayomezwa, kwa hiyo miligramu 10 za mdomoni zikawa miligramu 5. Tulivuta dozi mapema, kila bomba na kibandiko chake, na ndugu wawili wakagawana zamu.

Kaka anafika

Kaka mkubwa aliingia alasiri, akitokea safarini moja kwa moja. Mama aliyemwacha akisimama mlangoni kumpungia mkono sasa alikuwa amelala mdomo wazi, mwembamba, wa manjano, hafumbui macho. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwa nini amelala hivi? Mmempa nini?"

Madaktari wa Marekani humwita ndugu wa aina hii "binti kutoka California", jina lililoingia kwenye makala ya kitabibu mwaka 1991: yule anayefika mwisho kutoka mbali na kudai kila kitu kibadilishwe. Silipendi jina hilo. Linamfanya mtu aliyechelewa kwa sababu ya umbali aonekane msumbufu, ilhali wenzake walikuwa na wiki kadhaa za kuzoea kidogo kidogo kile anachotakiwa yeye akipokee ndani ya dakika moja. Hasira yake ilikuwa huzuni iliyokosa pa kukaa.

Alikaa na mama, akamshika mkono, akasema naye. Nilimtia moyo aendelee, kwa kuwa utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2020 ulipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wasioitika tena katika saa zao za mwisho, na ukakuta baadhi yao ubongo bado unaitikia sauti. Lakini daftari hakuna aliyemwonyesha. Lilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka alipoketi.

Saa saba usiku kijana alitoa dozi ya kawaida. Saa tisa, walipokuwa wanamgeuza, mama aliguna na kukunja uso. Binti akatoa dozi ya ziada, kama ilivyoandikwa, akaandika. Saa kumi alfajiri alikata roho. Kaka, aliyekuwa amesinzia kitini, aliamka na kusema sentensi ambayo baadaye hata hakukumbuka kuwa aliisema: "Ulimchoma sindano, saa moja baadaye amekufa."

Je, ilikuwa dawa?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa ushahidi. Kumwambia binti "usijilaumu" hakujibu kitu.

Mofini ikizidi mwilini, mtu hulala usingizi asioweza kuamshwa, mboni za macho hubana kama ncha ya sindano, na pumzi hupungua kasi na kuwa fupi. Anayekufa kwa ugonjwa hupumua kwa namna nyingine: pumzi kadhaa nzito, kisha kimya kirefu, kisha pumzi tena. Mikono na miguu hupoa, magoti hupata mabaka ya zambarau, mkojo hukauka. Daftari lilionyesha kwamba vimya hivyo vya pumzi viliandikwa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, kabla kaka hajafika na kabla ya dozi yoyote ya ziada ya usiku ule. Mkojo ulikuwa umeshuka siku hadi siku, hadi kiasi cha kijiko tu, mweusi kama chai iliyolala.

Jambo la figo lazima lisemwe kwa uaminifu. Figo zikisimama, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini na yanaweza kumletea mgonjwa usingizi mzito na mishtuko ya misuli. Ndiyo sababu tulikagua mishtuko hiyo kila tulipomtembelea, na ndiyo sababu dozi haikupandishwa siku za mwisho. Mishtuko haikuwepo. Dozi ya saa tisa ilikuwa kiasi kile kile ambacho mwili wake ulikuwa umekipokea kwa siku kadhaa, na mwili uliozoea mofini hauzimwi ghafla na kiasi uliokizoea. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa tiba shufaa hazijaonyesha kwamba mofini inayopimwa kulingana na maumivu hufupisha maisha yao.

Kuna na hesabu ya kawaida kabisa. Mama angefariki saa nane, mtuhumiwa angekuwa kijana aliyetoa dozi ya saa saba. Angefariki saa sita, lawama ingekwenda kwenye dozi ya saa tatu usiku. Lawama ilimwangukia binti kwa sababu ya mpangilio wa zamu.

Kwa nini basi maneno ya ukurasa wa kwanza hayakumkinga? Alikuwa ameambiwa mapema, akaelewa, akaandika kwa mkono wake. Ninavyoona, ni kwa sababu alikuwa nayo peke yake. Maarifa yaliyo kwa mtu mmoja ndani ya nyumba hayawezi kushindana na sauti ya kaka mkubwa saa kumi alfajiri. Kila mtu mwenye sauti katika familia anapaswa kuyasikia kabla ya tukio, kutoka kwa mhudumu, kwa maneno yale yale. Kaka huyu angeweza kuwekwa kwenye simu wakati wa kikao cha wodini. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Na alipofika, baada ya kumsalimu mama yake, angeketishwa na daftari, kisha apewe nafasi ya kushika shuka wakati wa kumgeuza. Mtu aliyemsikia mwenyewe mgonjwa akiguna mikononi mwake anajua dozi ya ziada ni ya nini.

Ziara ya baada ya mazishi

Binti alinipigia simu mwenyewe: "Sista, nisaidie, kila nikifumba macho naiona ile sindano." Nilimwomba aniruhusu kuja siku ambayo kaka yake yuko. Hakutaka mwanzoni. Alisema hataki kumfedhehesha.

Tulikaa watatu na daftari mezani. Sikuanza mimi kusoma, nilimpa kaka. Alisoma kwa sauti, kwanza haraka, kisha polepole. "Saa nne asubuhi, anasema maumivu mgongoni, miligramu kumi. Nusu saa: amelala, uso umelegea." Kurasa kwa kurasa. Alipofika kwenye asubuhi ya vimya vya pumzi alisimama, akauliza ni tarehe gani, akajihesabia mwenyewe kwamba wakati huo alikuwa bado njiani. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma yale maneno ya dozi ya mwisho, akamuuliza dada yake nani aliyeyaandika.

"Mimi. Siku mama alipofika."

Alikaa kimya, kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nisingeweza kufanya hata ukurasa mmoja wa hizi." Hakuomba msamaha kwa neno lenyewe, na binti hakumdai.

Kabla sijaondoka tulihesabu dawa zilizobaki. Ampuli za mofini zililingana na daftari bila kupungua wala kuzidi. Wote wawili walitia saini kwenye karatasi ya kuzirudisha, na nikazirudisha kwenye duka la dawa la hospitali, kwa kuwa mofini haipaswi kubaki ndani ya nyumba.

Binti bado huamka karibu na saa tisa za usiku, ingawa si kila siku, na anaendelea kuonana na mshauri nasaha. Mara iliyofuata ya kuonana na mshauri huyo, kaka yake aliomba kushiriki pamoja naye, kwa simu ya video kutoka huko aliko. Kwenye fomu yetu ya kumtoa mgonjwa wodini tumeongeza mstari mmoja, juu kabisa, kabla ya orodha ya dawa: nani katika familia hayupo hapa leo, na ataelezwa na nani, lini.